Usiwe Mtu Wetu

Mwanangu Aikande,

Sikuulizi hali, maana nakusikia kupitia ukutani ukicheka na binamu zako, na mtu anayecheka hivyo ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila mikono inanuka vitunguu vya mchana na kalamu inateleza. Baba yako yuko uani, analifunga begi lako kwa kamba ya katani kama vile unakwenda Kongo kwa miguu. Nimemwambia begi lina zipu. Ameniambia zipu haziaminiki. Nimemwacha na kamba zake.

Barua hii naitia ndani ya ile kanga ya njano tuliyoinunua sokoni Kwa Mrombo. Nilitaka uisome ukishafika Dar es Salaam, lakini nakujua, utakuwa umeshapekua kila kitu kabla basi halijafika Korogwe. Soma tu. Mambo ya kula, kuvaa, kurudi mapema na kutopokea soda ya mtu usiyemjua sitayaandika. Shangazi zako wameyasema tangu asubuhi, na wengine wameyarudia wakidhani hukusikia.

Kwanza ujue kwamba nina furaha hadi najishangaa. Wiki nzima nimekuwa nikiwasimamisha watu njiani hapa Kimandolu kuwaambia mwanangu anakwenda kufanya kazi benki, na wakiniuliza kama utakuwa unahesabu hela dirishani nawaambia hapana, hela wahesabu wengine, yeye ndiye anayesema nani aingie kwenye kompyuta za benki na nani asiingie. Ulipotuelezea kazi hiyo siku ile ulipopata barua, baba yako aliuliza, "Yaani mlinzi?" na ukanuna hadi chakula cha jioni. Mimi sikucheka. Nilitaka kukukumbatia, kwa sababu nilikuwa nimeielewa kazi yako kuliko wote waliokuwa sebuleni. Niliwahi kuifanya kabla haijapata jina.

Ila leo mchana furaha yangu imepata mchanga kidogo, na ndiyo maana naandika badala ya kuja kucheka nanyi.

Unakumbuka Baba Mkubwa Eliamani aliposimama kusema neno la kukuaga. Alisema vizuri sana. Alikumbusha jinsi ulivyokuwa ukifungua redio yake na bisibisi, akamshukuru Mungu, halafu akanyanyua glasi akasema, "Wapendwa, sasa pale benki tuna mtu wetu." Vigelegele vikapigwa, hata mimi nilipiga. Kisha alipokaa akakuinamia, nami nilikuwa nyuma yenu na bakuli la supu ya mtori, nikasikia. "Ukishatulia, mwanangu, utanichungulia lile faili langu la mkopo limekwama meza ya nani. Na ukipata nafasi uangalie na la yule jamaa wa Elerai anayejenga ghorofa, sijui wenzetu wanapitia wapi." Nawe ukajibu, "Sawa, Baba."

Sikuudhika nawe. Ungejibu nini kingine? Huyo ndiye aliyekulipia chuo cha kompyuta mwaka ule kiwanda kilipouzwa kwa watu binafsi na baba yako akarudi nyumbani na barua ya kuachishwa. Hakutukumbusha hata siku moja. Ni mtu mwema, na aliomba kwa wema, tena mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi. Wala haoni kwamba ameomba kitu kibaya. Hapo ndipo penye hatari, na ndipo nilipokumbuka simu yangu.

Kisa cha simu unakijua. Kila mtu kwenye ukoo anakijua, maana baba yako hukisimulia kila Krismasi akitaka kunichokoza, na husimulia ile sehemu ya kuchekesha tu. Ngoja leo nikisimulie mimi mwenyewe.

Ulikuwa darasa la tatu au la nne. Ndiyo kwanza biashara ya utalii ilikuwa imefunguliwa, na kila aliyekuwa na gari zima na shemeji anayejua Kijerumani alikuwa anafungua kampuni ya safari. Mzee Temu alifungua yake ghorofani, juu ya duka la vitambaa, karibu na mnara wa saa. Mimi nilipata kazi pale kwa sababu shangazi yako mmoja alisali naye kanisa moja. Nilikuwa mtu wao, na yeye akawa mtu wetu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na sisemi ni vibaya. Ukitaka laini ya simu, ulitafuta mtu wenu kule kwenye simu. Ukiumwa, ulitafuta mtu wenu hospitali. Asiyekuwa na mtu wake alikaa kwenye benchi mpaka jioni.

Kompyuta ilipoletwa ofisini tuliishangilia. Niliishonea kitambaa cha maua, kama kile cha redio yetu, nikaifunika nacho hadi fundi akaja kusema inapikika humo ndani. Tuliambiwa kila kompyuta lazima iwe na neno la siri. Mzee Temu akafikiri, akasema, "Liwe marahaba. Mashine ikikuuliza, unaijibu kama mtu mzima." Tulicheka sana, tukalifanya neno la barua pepe pia, na tukaliandika kwenye kalenda ya ukutani ili mtu asije akasahau. Madereva walilijua. Mpishi wa safari alilijua. Yule dada wa duka la vitambaa chini alilijua, kwa sababu alikuwa akipanda kumwandikia barua pepe mchumba wake aliyekuwa Oman. Kumficha mtu neno lile kungeonekana roho mbaya. Utamwambiaje mwenzako mnayekula naye makande sufuria moja kwamba kuna kitu hapa hutakiwi kujua?

Hata kirusi chetu cha kwanza kililetwa na kwaya. Walikuja kuchapa nyimbo zao kwenye kompyuta yetu, diski yao imezunguka ofisi zote za mjini, na baada ya hapo kila barua niliyoandika ilijaa herufi za ajabu. Mzee Temu aliita mchungaji kwanza, fundi baadaye. Lakini hilo lilikuwa dogo.

Asubuhi moja, msimu wa wageni unakaribia, simu ikalia. Sauti ya mzee, ya taratibu, ya mtu aliyekunywa chai na hana haraka. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Hapo ni kwa Temu? Wewe nani?" Nikamtajia jina. "Hilo ni jina la Machame," akasema, na papo hapo akahamia Kichaga, akaniuliza nimezaliwa upande gani wa mto, na akamjua mjomba wangu aliyekuwa mwalimu. Niliinuka kwenye kiti, mwanangu. Nilikuwa naongea na mtu asiyeniona na nilisimama, kwa heshima.

Akasema yeye ni mtu wetu kwenye ile kampuni inayotuletea intaneti. Ndivyo alivyosema, "mtu wenu huku." Njia imeharibika, ofisi nyingi zitapoteza barua zao mchana, lakini kwa kuwa ni nyumbani ameona atupigie sisi kwanza aturekebishie. Anahitaji tu neno la siri, nasi tusifungue barua pepe siku chache mpaka amalize.

Sasa baba yako husimulia hapa. Neno lenyewe lilikuwa marahaba, na mimi nilikuwa nimetoka kumwamkia mzee wa watu shikamoo. Nitamwambiaje mkubwa marahaba? Nikasita. Akauliza tena, "Neno la siri, mwanangu." Nikasema polepole, "Marahaba." Akacheka, "Marahaba, marahaba. Sasa nipe neno." Nikasema, "Mzee, samahani sana, si kwamba nakujibu vibaya. Neno lenyewe ndilo hilo." Akacheka kicheko kirefu sana, akanishukuru, akanibariki mimi na watoto wangu. Nikakaa chini jasho linanitoka, na nililokuwa nikiliwaza ni kama nimemkosea adabu.

Hapo ndipo ukoo hucheka, na mimi hucheka nao. Lakini sikiliza kilichofuata.

Siku chache baadaye dereva wetu Baba Glori alikwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kuwapokea wageni wa kwanza wa msimu. Alisimama pale na kibao chenye jina la kampuni mpaka uwanja ukabaki na wafagiaji. Wageni wetu walikuwa wamepita mbele yake na kuingia gari la watu wengine. Akarudi ofisini na gari tupu. Mzee Temu alimpandishia sauti hadi watu wa duka chini wakanyamaza kusikiliza. Akamwambia amechelewa, amelewa, amewauza wageni. Baba Glori alikuwa amevua kofia, anarudia neno moja tu, "Nilikuwepo, Mzee. Nilikuwepo." Mzee akamwambia aache funguo za gari mezani.

Nikaenda kwenye kompyuta kutafuta barua ya mawakala wa Ujerumani, ili angalau nimwonyeshe Mzee saa ya ndege. Sanduku la barua pepe likaniuliza neno, nikaandika marahaba. Mashine ikakataa. Nikaandika tena. Ikakataa. Nikaisikia ile sauti ya taratibu kichwani mwangu ikinibariki mimi na watoto wangu.

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia wewe kwa sababu huko uendako utakutana na watu walionyamaza. Nilimwangalia Baba Glori na kofia yake mkononi, nikamwangalia Mzee, nikasema, "Si yeye. Ni mimi. Kuna mtu alinipigia, nikampa neno." Mzee Temu aliniangalia kwa muda ambao sikuupenda. Halafu akavuta kiti chake mwenyewe, akanisogezea, akasema, "Kaa. Anza mwanzo. Usiruke kitu."

Kile kiti, Aika. Nimeishi na watu wengi waliosoma kuliko Mzee Temu na sijaona akili kuliko ile aliyoionyesha dakika ile. Kama angenifokea, ningesahau nusu ya mambo kwa woga, na nusu nyingine ningeificha. Kwa kuwa nilikaa, nilikumbuka kila kitu, na tukajua mwizi ameingia kwa mlango gani. Huko kwenye benki yako mtu atakuja siku moja uso umemshuka, atakwambia kuna kitu alifungua, kuna mtu alimjibu. Mpe kiti kwanza. Akiondoka kwako amedharauliwa, wa pili hatakuja, na wewe utakuwa unalinda nyumba ambayo hujui imebomolewa wapi.

Tulikuja kugundua kwamba yule mtu alikuwa ameingia kwenye sanduku letu la barua pepe na kuwaandikia mawakala wote wa Ulaya kwa jina letu. Aliwaambia tumeungana na kampuni nyingine, wageni wote wapokewe na hao wengine. Aliandika kwa adabu na kuweka jina langu chini. Barua zetu za zamani zilikuwa humo, kwa hiyo alijua namna ninavyosalimia na namna ninavyomalizia. Watu saba tulikuwa tunakula kutoka ofisi ile, na msimu wenyewe ndio ulikuwa unaanza.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata baba yako. Wiki ile niliipenda. Niliogopa, sikula vizuri, lakini niliipenda. Tulihamia kwenye simu na faksi, madereva wakawa makarani, tukamtafuta kila wakala aliyewahi kutuletea mgeni. Kila aliyetuamini tena tulipiga makofi ofisi nzima. Nilikuwa nakuja nyumbani nimechoka na macho yanawaka, na wewe uliniuliza kama nimepewa zawadi.

Aliyenifundisha kazi yako alikuwa Mama Helga, wakala wetu wa Ujerumani, mama mnene mwenye sauti ya kiume. Nilimpigia, nikaanza kumweleza kwamba ile barua si yetu, mwizi ameiba jina langu, tafadhali atuamini. Akanikata katikati. Akasema kwa Kiingereza chake kizito kwamba niweke simu chini, yeye atapiga. Nikakasirika. Niliona ni kiburi cha Kizungu, mtu anaungua wewe unamwambia subiri. Nikaweka chini. Tukakaa tunaitazama simu, Baba Glori akiwa amekunja mikono kama yuko ibadani. Ikalia. Alikuwa yeye. Alikuwa ametoa kwenye kabati lake karatasi yetu ya kwanza ya matangazo, ile yenye picha ya Mlima Meru iliyochapwa vibaya, akapiga namba iliyoandikwa pale.

Baada ya hapo akauliza, "Nilipokuja ofisini kwenu, nililala wapi?" Ofisi nzima ikajibu kwa pamoja. Alikuwa ameonjeshwa pombe ya mbege na mke wa Mzee Temu, akasinzia kwenye kochi la wateja mpaka jioni. Alicheka upande wa pili wa dunia, na mimi nikalia. Wageni wake waliletwa kwetu siku ya pili. Wengine hatukuwapata tena, msimu ule ulikuwa mwembamba, lakini hakuna aliyeachishwa kazi. Yule mzee wa simu hatukumjua hadi leo, na ile kampuni aliyoitaja haikuwa na ofisi popote. Nikisikia Kichaga cha sauti ya taratibu sokoni bado hugeuka.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenikaa mwilini. Mwizi hakuvunja kompyuta. Aliiamsha adabu yangu, nikamfungulia mwenyewe. Sisi tukishasema shikamoo tumeshajiweka chini, na aliye chini hamuulizi aliye juu, wewe ni nani. Wenzetu wa vitabu vyako wameandika kuhusu kufuli na funguo, sijui kama wameandika kuhusu shikamoo. Huko benki utaletewa mashine za kila aina za kuzuia wezi wa nje. Wewe angalia simu iliyo mezani kwa karani, na karani aliyelelewa vizuri.

Sikuacha adabu. Nisingeweza, na wewe usiache. Tuliibadilisha njia tu. Kuanzia wiki ile ofisini kwetu tulikubaliana, yeyote atakayepiga akitaka habari za wageni, tutamwamkia, tutamsikiliza, halafu tutasema, "Nakata, nakupigia." Tunapiga kwenye namba tunayoijua sisi, si ile atakayotutajia yeye. Na kila mtu akawa na neno lake, na kumuuliza mwenzako neno lake ikawa aibu kama kumuuliza mshahara. Kalenda tuliitoa ukutani. Dada wa duka la vitambaa alinuna, akasema tumekuwa Wazungu. Dereva mmoja alipoacha kazi tulilifuta neno lake kwenye kompyuta siku ileile, akiwa bado anakula keki ya kuagwa, na wala hatukuwa tumegombana naye.

Aliyetusumbua zaidi alikuwa Mzee Temu mwenyewe. Jumamosi moja alipiga, ana mafua, sauti imekauka kabisa, anataka nimsomee majina ya wageni na siku zao za kufika. Sikumtambua. Nikasema, "Mzee, shikamoo. Nakata, nakupigia nyumbani." Akasema, "Unanikatia simu mimi?" Nikakata. Nilipopiga alipokea mkewe, nikasikia akimwambia, "Ni yule wako wa ofisini." Akaja, akapumua, akasema, "Sasa umeridhika?" Nikasema, "Nimeridhika, Mzee," nikamsomea. Alininunia hadi katikati ya wiki iliyofuata, na hakunisifu siku hiyo wala siku nyingine. Lakini mwaka ule niliokuwa naacha kazi nilimsikia akiongea na mwanawe aliyekuwa masomoni ng'ambo, kijana anaomba atajiwe kitu fulani cha ofisi haraka haraka, na Mzee akamwambia, "Kata, nikupigie." Niliinama kwenye droo nikajifanya natafuta bahasha.

Narudi kwa Baba Mkubwa. Baada ya chakula, wakati wewe unapiga picha na wenzako, nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimejipanga kusema kwa kuzunguka, na ulimi ukakataa kuzunguka. Nikasema, "Shemeji, lile la faili usimwombe tena Aika. Wala la yule jamaa wa Elerai."

Alidhani namtania. "Mama Aika, ni kuchungulia tu. Hachukui kitu."

"Wamemwajiri azuie watu kuchungulia. Akichungulia kwa ajili yako, kesho yake atakuwa anachungulia kwa ajili ya kila aliyemfanyia mtoto wetu wema. Na akijulikana, hakuna benki itakayompa kazi tena. Na asipojulikana ni mbaya zaidi."

Akaegemea mlango wa gari. "Shemeji, mimi ndiye niliyemsomesha."

"Ndiyo. Hatutasahau. Lakini ulimsomesha afunge milango, shemeji. Sasa anakwenda kuifunga."

"Hata kwangu?"

Niliona ameumia kweli. Ni mtu mzima, mvi zimejaa, ana gari lake na maduka yake, na uso ulikuwa wa mtu aliyefika kwenye harusi ya nduguye akaambiwa jina lake halipo. Nikasema, "Hata kwako. Faili lako lifuate wewe mwenyewe, kwa mlango wa mbele, uulize kama wengine. Hela zako na siri zako ziko mle mle. Ungependa mtoto wa yule jamaa wa Elerai naye awe anakuchungulia?"

Hapo alinitazama. Hilo hakuwa amelifikiria. Alifungua mlango wa gari, akakaa, akawasha, akakaa tena bila kuondoka. Halafu akasema, "Mwambie nimempongeza," akaondoka. Hakusema kama kesho atakuja kutupeleka stendi kama alivyoahidi.

Kwa hiyo sijui, mwanangu. Labda kesho alfajiri tutasikia honi getini, labda tutatafuta teksi. Baba yako nimeshamwambia, na jibu lake lilikuwa kuongeza kamba nyingine kwenye begi. Akija, mwamkie vizuri na umshukuru kwa yote, maana anakudai heshima yako yote ya mtoto kwa baba, na hiyo mpe bila kupunguza. Asipokuja, usimchukie na usinichukie mimi. Nimeona ni heri nigombane naye mimi hapa getini leo, kuliko wewe uje kugombana naye kwa simu ukiwa peke yako Dar es Salaam, na faili lake liko wazi mbele yako.

Maana lazima atatokea mwingine. Kanisani leo watu wangapi wameniomba namba yako? Mama Glori ana kijana anatafuta kazi. Mwinjilisti ana akaunti iliyofungwa. Wote wanafurahi kweli, na wote wamesema neno lile lile, tuna mtu wetu. Nataka wafurahi kwa sababu nyingine. Nataka siku moja mtu wa Elerai na mtu wa Kimandolu waweke vitu vyao mahali pamoja wakalale, kwa sababu aliyeshika funguo si wa huyu wala wa yule. Usiwe mtu wetu huko, Aika. Kuwa wetu hapa nyumbani, Krismasi, ukila ndizi na kumcheka mama yako.

Najua itakuwa ngumu. Na nikuambie ni nani atakayekuwa mgumu kuliko wote, ili usije ukashangaa. Ni mimi. Najijua. Ipo siku mtu atakuja kulia sebuleni kwangu, mjane au mgonjwa, na mimi nitashindwa kumtazama. Nitachukua simu. Nitaanza na salamu ndefu, nitakuuliza umekula nini, halafu nitasema ni kitu kidogo tu mwanangu, angalia tu. Ukikataa nitataja uchungu wa kukuzaa, na mvua ya siku ile, na hospitali ilivyokuwa mbali. Ninyime. Nitaweka simu chini kwa hasira na huenda nikalia. Halafu nitajitanda kanga, nitatoka, nitapita nyumba kwa nyumba hapa Kimandolu, kwa majivuno yale yale ya wiki hii, nikiwaambia kwamba nimemwomba mwanangu, mimi mama yake mzazi, na amenikatalia.

Mama yako